Skafu ya Kavira wa Butembo

Sisi tuliokulia Bwera, pale mpakani mwa Uganda na Kongo, wakati redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima tuna mambo ambayo tukiwasimulia wajukuu, wanatutazama kama watu waliotoroka mahali. Hawaamini kwamba mpira tuliufunga wenyewe kwa majani makavu ya mgomba, tukacheza kwepena mpaka mpira ukasambaratikia mgongoni mwa mtu. Hawaamini kwamba penseli moja ilikatwa kwa wembe vipande viwili, changu na cha dada yangu, na ukipoteza chako utajua mwenyewe mbele ya mwalimu. Hawaamini kwamba muhogo wa kuchoma wa pale sokoni, uliopakwa chumvi ya Katwe na pilipili, ulikuwa mtamu kuliko hizo chipsi zao zinazotokwa jasho ndani ya karatasi. Na hili ndilo linaloniudhi zaidi: hawaamini kwamba mimi jaja yao, ambaye leo siwezi kuvaa viatu bila kuketi, niliwahi kulikimbiza lori nikalifikia. Basi nawasimulia nyinyi wa rika langu. Wao waacheni na simu zao.

Lori lenyewe lilikuwa la baba yangu. Baba alikuwa Mganda, Mwislamu wa swala tano, aliyehamia upande huu na mama kwa ajili ya biashara ya samaki. Alipakia samaki wa chumvi kule ziwani Kasenyi na Kahendero, akapita Kasese, akakatiza mbugani ambako tembo walimsimamisha barabarani kila walipojisikia, akashusha mzigo Bwera na Mpondwe kwa wafanyabiashara wa Kongo. Kwa hiyo kila kitu chetu kilinuka ngege, hao samaki wake. Blanketi lilinuka ngege, daftari la hesabu lilinuka ngege, na ile kanzu ya baba ya Ijumaa, hata ikifuliwa mara tatu, ilimtangulia msikitini. Shuleni waliniita Zaituni Samaki, na benchi langu lilikuwa na nafasi tele kila siku.

Ndipo akaja Kavira. Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki, aliyekimbia vita vya kwao akiwa na binti mmoja na furushi la vitenge, akafungua kibanda pale sokoni Bwera. Mwalimu alimwambia Kavira atafute mahali akae. Akatembea taratibu mpaka kwenye benchi langu, akavuta pumzi, akasema kwa sauti, darasa zima likasikia, "Huku kunanukia chakula." Akaketi. Tangu siku hiyo hatukuachana, na aliyeniita Zaituni Samaki alijibiwa na yeye kabla sijafungua mdomo.

Nyumbani kwetu tulisema Luganda, kwao Kinande, na darasani Kiingereza cha kuogopa fimbo. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, lakini Kiswahili gani, jamani! Changu nilikiokota kwa madereva wa malori na askari wa kizuizi cha barabarani. Chake alivuka nacho mpaka, kina mutu na mutoto na vwala ya Kifaransa humo humo. Mtu wa pwani angetusikia angeomba maji ya kunywa na mahali pa kukaa. Mikia ya maneno tuliimeza bila aibu, na neno refu tulilifupisha ili tuwahi kucheza. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Tulikaa benchi moja miaka mitatu. Kisha mjomba wake Kavira akatuma habari kwamba kwao kumetulia, warudi. Wangeondoka shule zikifungwa, na lori la kuwavusha lingekuwa hilo hilo la baba yangu. Nilikuwa na miaka kumi.

Siku moja tukiwa tumekaa kwenye nyasi nyuma ya shule, nikamuuliza Butembo kukoje. "Weye haujue baridi," akaniambia. "Kule kwetu asubui moshi inatoka mu kinywa, na hakuna mutu anavuta sigara." Nikamwambia aache uongo. Akaapa kwa Bikira Maria. "Baridi inaingilia hapa ku shingo, Zaituni. Inapanda mu kichwa, inafunga akili. Mutu anasahau bintu. Mimi nikifika kule, hata jina yako itaniponyoka."

Alisema hivyo akicheka, kwa sababu Kavira hakuwahi kusema jambo bila kucheka. Mimi sikucheka. Nililiamini neno lile kama tulivyoamini kwamba ukimeza mbegu ya chungwa mchungwa utakuotea tumboni. Nikawaza usiku na mchana: baridi inaingilia shingoni, basi dawa ni kuziba shingo. Na mimi nilijua kitu kinachoziba shingo, maana mama yake alikuwa anazifuma skafu pale kibandani kila siku ili akaziuze kwao atakaporudi. Lakini skafu ya mama yake haingenisaidia. Ilibidi iwe yangu, ya mkono wangu, ili akiivaa ajue ni nani asiyetakiwa kusahauliwa. Nilikuwa na mwezi mmoja na nusu.

Kila Jumamosi mchana Kavira alikwenda katekisimu kanisani. Nikaitumia saa hiyo. Nikapiga magoti mbele ya Mama Kavira, nikamweleza shida yangu, nikamwomba asimwambie bintiye. Mama Kavira alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko cha mabega: mdomo haukufunguka, mabega ndiyo yaliyopanda na kushuka. Aliketi juu ya marobota ya vitenge, kulabu yake ya kufumia, aliyoiita kroshe, ikienda yenyewe huku macho yake yakibishana na wateja. Aliisomea kwa masista. Mabega yakacheza kidogo, akasema, "Lete uzi na kroshe yako. Yangu sitoe."

Kulabu nilitengenezewa na fundi baiskeli wa njia panda, kwa spoku kuukuu aliyoikunja ncha na kuisugua juu ya jiwe. Ilikuwa na makali upande mmoja, na kidole changu cha shahada kina kovu lake mpaka leo. Uzi nilimwagiza baba. Nilimwambia, "Baba, ukifika Kasese niletee uzi wa sufu, mwekundu." Baba alikuwa hodari wa kutunza siri ila hakuwa hodari wa rangi. Akarudi na mabonge matatu ya rangi nisiyoijua jina, kati ya haradali na matope. "Nyekundu imekwisha," akasema. "Mhindi amesema hii ni ndugu yake. Halafu ameuliza nani anaumwa nyumbani. Hajauza sufu Kasese tangu mvua za mwaka juzi."

Basi Jumamosi ya kwanza nikaanza. "Hapana kushika kroshe sawa vile jembe," Mama Kavira akasema, akanikunja vidole kimoja kimoja. Akanionyesha jinsi ya kufanya kitanzi, na kutoa kitanzi ndani ya kitanzi, mpaka unapata mnyororo. Nikahesabu vitanzi thelathini kama alivyosema. Mnyororo wangu ulikaza mpaka kulabu haikupita tena mahali popote. Akauvuta, akautazama, akanitazama mimi. "Mutoto, unanyonga nani? Legeza. Uzi haina kosa." Nikalegeza. Akanifundisha kurudi: ukifika mwisho wa mstari, panda ngazi moja ya kitanzi, geuka, anza tena. Nikafanya mistari miwili akiniangalia, nikaona nimeshakuwa fundi.

Wiki nzima nilifuma kwa siri nyuma ya choo, kwenye banda la kuku, na mara moja darasani chini ya benchi wakati wa historia. Kavira akinijia ghafla nilisukuma kila kitu ndani ya gauni, tumboni. "Zaituni, umekula nini?" akaniuliza siku moja. Nikamjibu mihogo.

Jumamosi ya pili nikampelekea Mama Kavira kazi yangu. Wateja walikuwa wamejaa, mmoja anavuta kitenge huku, mwingine kule. Akaitupia jicho, akakunja uso, akasema, "Aya! Fumua." Akageukia wateja.

Mimi nilisikia "fuma." Mniwie radhi, ndugu zangu, lakini pale Bwera fuma na fumua yalikuwa neno moja kinywani mwetu. Nani alikuwa na muda wa kuuweka ule mkia? Nikaona nimesifiwa. Nikaketi pembeni, nikafuma kwa bidii.

Jumamosi ya tatu akaikamata tena, haraka haraka, akiwa na sarafu za wateja mkononi. "Ah, non! Mutoto, fumua. Fumua yote!" Fuma yote! Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikajua anataka niyamalize mabonge yote, nifume mpaka miguuni. Nikaenda nyumbani nikafuma kama mtu anayefukuzwa. Nikaacha kwepena, nikaacha kuruka kamba. Mama akaniita, "Zaituni, gwe, mchele haujachambuliwa!" Nikaitika "naam" na nisinyanyuke. Baba alinikuta nyuma ya lori, akaichukua ile kazi, akaining'iniza kwa vidole viwili. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Mwanangu, ni tai nzuri sana," akasema. "Ya nani?"

Nilikasirika. Lakini nilipoitazama vizuri nikaona hata mimi kwamba kulikuwa na kitu. Ilianza pana kama kiganja na nusu, ikaenda ikikonda, ikikonda, mpaka kule mwisho ungeweza kufungia kinywa cha chupa. Nikajipa moyo: labda ndivyo mtindo wa Butembo ulivyo.

Jumamosi ya nne haikuwa na wateja, kwa sababu ya mvua. Mama Kavira akaitandaza juu ya mapaja yake. Akahesabu kule mwanzo, thelathini. Akahesabu kule mwisho, kumi na moja. Kisha akaichomoa kulabu, akashika uzi, akavuta. Prrrrr! Msiombe kuisikia sauti ile. Wiki tatu za maisha yangu zikawa tambi mapajani mwake kabla sijapata pumzi ya kupiga kelele. Nilipoipata nikapiga, na soko zima likageuka.

"Unalia nini? Mara ngapi nilikuambia fumua?"

"Nimefuma, mama!" nikalia. "Kila siku ukisema fuma, nimefuma! Umesema fuma yote, nimefuma yote!"

Akanitazama. Nikaona neno linaingia kichwani mwake polepole, linatafuta mahali pa kukaa. Mabega yakaanza. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo nao ukafunguka. Alicheka mpaka akateremka kwenye marobota akakaa chini kwenye matope na gauni lake jeupe la kanisani. Muuza nyanya wa jirani akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akakaa. Mpaka nilipoolewa, akina mama wa soko lile waliokuwa wakiniona walinisalimu, "Zaituni, bado unafumua?"

Alipopangusa machozi alinivuta karibu. Akanionyesha kosa langu kwa ncha ya ukucha: kile kitanzi cha mwisho kinapenda kujificha ukingoni, mimi nilikuwa nakiruka kila mstari. "Unaona? Uyu hapa. Anaogopa batu. Umutafute." Nikamuuliza kama kuna haja tena, maana zilibaki wiki mbili. Nikasema tu nimpe Kavira ile tai. Akatikisa kichwa. "Kavira iko na shingo moja tu," akasema. "Anza."

Nikaanza. Ili nisipoteze kitanzi nilitia maharage thelathini mfuko wa kulia wa gauni, na kila kitanzi nilihamisha harage moja kwenda mfuko wa kushoto. Maharage yakiisha, mstari umetimia. Njia hiyo ilikwenda vizuri sana mpaka siku kuku wa jirani alipomeza harage moja, nami nikafuma mistari minne ya vitanzi ishirini na tisa kabla sijagundua. Nilifumua, safari hii kwa Kiswahili sanifu. Yule kuku nilimkimbiza mpaka mtoni.

Lakini siri ile ilikuwa na gharama, na aliyelipa si mimi peke yangu. Siku za Kavira zilikuwa zinahesabika naye aliniona nakimbia. Kengele ikilia, mimi sipo. Akija nyumbani, nimejificha. Mwishowe akanisubiri mlangoni mwa shule, akanishika mkono. Hakuwa anacheka. "Zaituni, umepata rafiki mwingine?" Nikasema hapana. "Basi unanikimbia juu ya nini? Juu naenda?" Nilikuwa na bonge la uzi tumboni ndani ya gauni, nikalishika lisidondoke. Akauachia mkono wangu, akaenda zake. Kesho yake alikaa benchi lingine. Niliumia, jamani. Nilitaka kumkimbilia nimwonyeshe kila kitu, lakini kile kipande kilikuwa hakijafika hata kitovuni, na mtoto wa miaka kumi akishaamua jambo huwa mkaidi kuliko punda. Nikafuma huku nalia, na mistari ya siku hiyo ilikaza tena.

Shule zikafungwa. Asubuhi ya safari lori lilipakiwa mbele ya kibanda: marobota, sufuria, godoro, sanamu ya Bikira Maria iliyofungwa ndani ya kitenge, na juu ya yote Kavira, amekaa, amenipa mgongo. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya muuza nyanya, nafuma mistari ya mwisho. Nilitaka ifike magotini. Ilikuwa imefika kiunoni kwa shida. Mama Kavira alikuwa ameniahidi kwamba Jumamosi ile atanifundisha namna ya kumalizia, lakini Jumamosi ilikuja na mizigo, na hakuna aliyenikumbuka. Baba akapiga honi. Akapiga ya pili. Nikachomoa kulabu, nikakimbia, nikapanda tairi, nikamtupia Kavira skafu mapajani.

Akaitazama. Akaipindua. Ilikuwa na rangi ile ya ajabu, na vinundu, na mistari iliyokaza ya siku ile. Akaizungusha shingoni katika lile jua la Bwera linalopasua vichwa, jasho likaanza kumtoka hapo hapo, akafungua mdomo kusema. Lori likaondoka.

Nilibaki nimesimama. Kisha nikasikia kitu kinacheza ndani ya mfuko wangu wa kushoto. Nikatia mkono: bonge la uzi, linazunguka lenyewe kama panya kwenye gunia. Banange! Uzi sikuwa nimeukata. Ulitoka mfukoni mwangu, ukavuka barabara, ukapanda lori mpaka shingoni kwa Kavira. Nikalishika bonge kwa nguvu lisiishe. Hapo nikafanya baya zaidi, maana uzi ulipokosa kutoka upande wangu ukaanza kutoka upande wake. Nikaiona skafu inafupika kwa macho yangu, mstari kwa mstari, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na Kavira ameishika kwa mikono miwili anapiga kelele, "Inaisha! Zaituni, inaisha!"

Nikakimbia. Nilivua ndala nikaziacha. Asante Mungu, barabara ya Mpondwe siku ya soko haina haraka: akina mama na mikungu yao, mbuzi, baiskeli zenye magunia ya kahawa. Lori lilijikokota nami nikakimbia huku nakusanya uzi kifuani, na kila mtu niliyempita akaruka uzi ule akidhani ni mtego wa nini sijui. Likasimama kwenye kizuizi cha askari. Nikalifikia. Waambieni wajukuu zangu: nililifikia.

Askari alikuwa mrefu, ana bunduki begani, na amenaswa na uzi kwenye buti. "Simama! We mtoto! Hii waya iko ya nini?"

"Afande, si waya. Ni skafu."

"Skafu iko wapi?"

"Iko juu ya lori, afande."

Akafuata uzi kwa macho, kutoka kifuani kwangu, kwenye buti lake, mpaka juu kwa Kavira. Akafikiri sana. "Sasa weye navuta lori na uzi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Kata!"

"Sina kisu, afande."

"Meno iko ya kazi gani? Kata!"

Sikutaka kukata. Nawaambia ukweli, nilisimama pale na uzi mdomoni, vumbi na chumvi ya samaki kwenye ulimi, na sikutaka kabisa, kwa sababu mpaka dakika ile upande mmoja wa uzi nilikuwa naushika mimi na upande mwingine ulikuwa naye. Askari akapiga buti chini. Nikauma.

Mama Kavira akainama kutoka juu ya marobota, akaishika ile ncha, akanionyesha kwa sauti kubwa mbele ya soko na jeshi: "Ona, Zaituni! Unapitisha hapa, unavuta. Vwala! Haifumuke tena." Lilikuwa somo langu la mwisho kwake. Theluthi nzima ya skafu ilikuwa mikononi mwangu, uzi mtupu, wenye majani na mavi ya mbuzi.

Kizuizi kikainuliwa. Kavira akasimama juu ya mizigo, skafu shingoni, jasho na machozi vimechanganyika. "Ilikuwa hii?" akaniita. "Zile siku zote, ilikuwa hii?" Nikaitikia kwa kichwa. Baba akatoa kichwa dirishani akauliza huko nyuma kuna nini, kisha akaendesha.

Ule uzi niliufua, nikauzungusha bonge upya, nikauweka. Miaka ya sabini ikaja na shida zake mnazozijua. Sukari ikawa ya kunong'onezana, sabuni ikakatwa kama keki, mpaka wa Kongo ukafungwa na kufunguliwa bila mtu kuambiwa sababu. Kila nilipokutana na mama wa Butembo sokoni nilimuuliza kuhusu Kavira. Walinicheka. "Kavira gani? Kule kwetu kila nyumba iko na Kavira." Kumbe kwa Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na zamu ile ilikuwa imejaa. Nilikuwa namtafuta mtu kwa namba yake.

Kisha, nimeshaolewa, nina mtoto wangu wa kwanza mgongoni, nachagua nyanya, nikasikia mama mmoja mwenye kikapu kichwani anauliza kibanda kwa kibanda, "Zaituni Samaki njo nani?" Akina mama wakanisonta. Akanikagua kutoka juu mpaka chini, akatua kikapu, akasema alichotumwa, neno kwa neno. "Kavira anasema: skafu iko fupi. Haifungike. Ulete ile ingine."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Hakusahau! Baridi yote ile ya Butembo, miaka yote ile, na hakusahau jina langu hata lile la samaki. Furaha ilinipanda kichwani, na mnajua tulivyokuwa, ukichokozwa ni lazima umrudishie mwenzako, tena mbele za watu. Nikashika kiuno, nikasema kwa sauti ya soko zima, "Mwambie aje aichukue mwenyewe!" Wote wakacheka, muuza nyanya akanipiga kiganja. Yule mama akalirudia jibu langu mara mbili ili asilipoteze, akatwika kikapu, akashika njia ya darajani, pale mpakani.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kusikia habari zake. Mpaka ukafungwa tena, kisha kukaja hili, kukaja lile, na njia ya kule leo si njia ya kumpeleka bibi wa magoti mabovu.

Wajukuu wangu nawacheka sana. Hawajui kuwasha moto, hawajui kitanzi, na rafiki zao wako mia nne na hawajui mama zao wanauza nini. Enzi zetu neno la rafiki lilibebwa na mwanamke kichwani, likapita kwa askari wa huku na askari wa kule, na likifika lilikuwa zito. Lakini juzi mmoja wao alikuwa amemwandikia mwenzake kwa simu jambo la ukorofi, akajuta. Nikamwambia ndiyo basi, limeshakwenda. Akasema, "Jaja, hapana, hajalisoma bado," akabonyeza kidole, likafutika, akaandika lingine.

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Nikamwomba anionyeshe tena. Maana na mimi ningempata yule mama kabla hajafika darajani, ningemshika kikapu nimwambie lile si jibu, nilikuwa nacheza tu mbele ya watu. Mwambie Kavira nakuja.